Kipimo cha Nyumba ya Bwana Sufu

Nimeshika ncha ya futikamba, Shukuru ameshika ya pili.
Ukuta wa mashariki: mita kumi na nane nukta nne.
Unene: dhiraa moja kamili,
dhiraa ya mkono wa fundi, kiwiko hadi kidole.
Naandika sentimita arobaini na sita.
Fomu haina safu ya mikono.

Hapa Pugu, juu ya reli,
mvua inapoteremka na udongo mweupe
na kuiacha njia kama imemwagiwa maziwa,
Mjerumani mmoja aliamua kufuga kondoo wa sufu.
Jina lake limefutika kwenye hati.
Wazaramo walimwita Bwana Sufu, likabaki hilo.

Dari akaliinua, joto lipande lisirudi.
Veranda pande tatu, nguzo kumi na moja;
upande wa nne, wa jikoni, akauacha uchi,
maana jua la mpishi halikuwa jua lake.
Matumbawe yalitoka pwani juu ya vichwa,
yakapandishwa kilima kwa ngata na matusi,
chokaa ikachomwa siku tisa kwa magogo ya msituni.

Alitaka ukumbi mpana wa kuchezea dansi.
Mkoko ukakataa.
Boriti ina urefu wake, na urefu wa boriti ndio upana wa chumba;
Fundi Chambuso alimweleza hivyo, mara mbili, kwa upole.
Ndipo Bwana akaenda kuomba vyuma vya reli.
Vipo hadi leo, vinne, vimelala juu ya kuta,
mwaka umegongwa ubavuni, kutu imeula nusu.

Kisha kondoo.
Mia tatu na kumi, wakashushwa bandarini katikati ya masika
na makoti yao.
Chilongani, mchungaji aliyeletwa kutoka Ugogo,
aliyewajua kondoo wa mkia wa mafuta na manyoya mafupi,
aliwatazama, akamtazama Bwana, akasema:
“Hawa wamevaa blanketi kwenye jua la utosi.”
Sikio la kufa.
Kwato zikaoza. Sufu ikaota ukungu wa kijani.
Wakafa kikondoo, kama ilivyo desturi yao,
na Chilongani akawahesabu kwa kisu
kwenye mwimo wa mlango wa banda la kukatia manyoya:
minne imesimama, mmoja umepita juu yao.
Nimehesabu hadi mia mbili arobaini na mmoja.
Hapo hesabu inaishia. Sijui kama kondoo waliisha,
au kisu, au Chilongani.

Waingereza waliugeuza ua kuwa karantini ya ng'ombe.
Josho ni lao: saruji, ngazi saba za kushukia,
vyura sasa.
Baada ya Uhuru, shirika la mifugo, mafaili, mhuri, mbu.
Shirika likafa, likaacha kabati.
Kisha Bi Mwanamvua Kondo akaomba ukumbi kwa barua,
akafungua shule ya watoto.
“Mchana walilala thelathini,” ananiambia, “hapa, chini ya reli.
Mmoja, Zamda, hakulala kabisa.
Aliniuliza treni itapita saa ngapi.”

Kesho kutwa ni tingatinga. Panatakiwa pa kupanga makontena.
Jana vijana walianza na paa:
walipong'oa bati la kwanza
msumari ulipiga kelele hadi stesheni,
mbuzi wa jirani wakakata kamba.
Chambuso hakujenga nyumba ya kufa kikondoo.

Shukuru anauliza: kwenye “hali ya jengo” niandike nini?
Namwambia andika: mbovu. Ndilo neno walilolilipia.
Kwenye “thamani” weka mstari.

Vilivyomo: milango sita, vitasa vinne,
shata kumi na tatu, mbili hazina bawaba,
sinki moja, vyuma vinne vya reli.
Mwimo mmoja, mti wa mkongo, wenye mikwaruzo,
haumo kwenye orodha.
Umo nyuma ya gari, chini ya turubai.
Shukuru ameuona, akavuta futikamba,
ikarudi yote mkononi mwake.